Mlinzi Aliyelinda Ukuta

Niliolewa Ngana, huku kwetu Kyela, nikakaa miaka sita bila kuujua uso wa baba mkwe wangu. Msicheke. Kwetu mkamwana hamtazami baba wa mumewe, wala mzee hamtazami mkamwana, wala hawasemeshani. Ndiyo heshima tuliyofundwa. Mimi nilimjua kwa kikohozi na kwa mabuti yake. Nikisikia kikohozi njiani natumbukia kwenye migomba, nachuchumaa na kumpa mgongo mpaka mabuti yapite. Ngana migomba haijapata kuwa haba, kwa hiyo tuliishi vizuri.

Kisha kikaja kiwanda cha mchele. Wakafyeka migomba, wakajenga ukuta mrefu, wakaacha geti moja. Nikaajiriwa mkandani, pale mchele unapopita nasi wanawake tunatoa mawe na chenga. Jamani, niliipenda kazi ile! Tangu utoto nilikuwa natwanga mpunga kwenye kinu nyuma ya nyumba na hakuna aliyeniambia hata asante. Hapa nilikuwa na sare, na kitambulisho chenye picha yangu, na msimamizi aliniita fundi. Hata sokoni nilikwenda na kile kitambulisho shingoni, mume wangu akinung'unika kwamba najionesha. Najionesha ndiyo, kwani kuna ubaya gani?

Juma la pili baba mkwe naye akaajiriwa. Mlinzi wa geti. Nyumbani tukachinja kuku. Mama mkwe peke yake ndiye aliyesimamisha paja la kuku kabla halijafika mdomoni, akanigeukia.

"Sasa wewe utapitaje?"

Asubuhi nikayaona mabuti getini. Nikajibanza nyuma ya genge la mama muuza vitumbua, nikingoja mzee aende walau kujisaidia. Wapi! Niliingia saa tatu badala ya saa moja. Onyo la kwanza. Kesho yake nikazunguka nyuma ya ukuta, nikajipenyeza kwenye tundu linalotemea pumba, nisijue kwamba mashine imeshawashwa. Nikatokea ndani nimejaa pumba kichwani, masikioni, hadi kifuani, napiga chafya tu. Msimamizi, mtu wa kuja kutoka Singida, akaniuliza geti nimelikosaje. Nikamwambia sikulikosa, limekaliwa na mkwe. Akadhani namtania.

"La tatu unakwenda nyumbani," akasema, akaniandikia la pili.

Nirudi kwenye kinu? Ng'o! Siku ya tatu nikaamua: kama siruhusiwi kumtazama, basi nitaingia kinyumenyume.

Nikaja hivyo, hatua kwa hatua, macho barabarani, wenzangu wakinielekeza: "Kushoto dada, kushoto, kuna shimo!" Kumbe mzee naye alikuwa ameshaamua lake. Amegeuza kiti, anatazama ukuta, daftari la mahudhurio amelishika nyuma ya mgongo. Nikapapasa, nikalipata, nikasaini. Akakohoa, kisha akasema, si na mimi, Mungu apishe mbali, alisema na geti.

"Geti, mwambie anayepita aandike na saa."

"Geti," nikajibu nikiitazama barabara, "mwambie mzee nimeandika. Ndaga fijo, asante sana."

Tukaenda hivyo mwezi mzima. Sikuchelewa, na hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Wenzangu walicheka mpaka wakachoka, halafu wakazoea.

Asubuhi moja mwenye kiwanda akaja kutoka mjini bila taarifa. Gari lake lilisimama mbele yangu nikiwa katikati ya geti, kinyumenyume, kalamu mkononi. Akashuka, akanipita kama hanioni, nikamsikia akisimama nyuma yangu.

"Mzee, unalinda ukuta?"

Kimya.

"Nakuuliza! Watu wanapita nyuma yako, labda na mchele kwenye nguo, wewe unatazama matofali?"

Nilijua kwa nini mzee hajibu. Kujieleza kulimtaka anitaje, na kunitaja mbele yangu hakuweza. Mwenye kiwanda akaona huo ni ukimya wa mwizi.

"Vua koti hilo. Nenda nyumbani."

Nikasikia kifungo cha kwanza kikifunguka. Mzee alilipenda koti lile, hata kanisani alikwenda nalo, na mama mkwe alilipiga pasi kila Jumamosi. Kifungo cha pili. Ningeweza kukaa kimya na heshima yangu yote, na kazi yangu, na picha yangu shingoni. Nikageuka.

"Bosi, ni mimi!" nikapiga kelele. "Huyu ni baba mkwe wangu! Anatazama ukuta kwa sababu yangu, na mimi natembea kinyumenyume kwa sababu yake. Mmekata migomba, mmeacha geti moja, sasa tungejificha wapi?"

Na hapo nikawa namtazama usoni, maana alikuwa ameinuka kumgeukia bosi. Yesu wangu! Masikio ya mwanangu wa pili yalikuwa pale, makubwa, yamesimama vilevile. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, kama la mume wangu. Miaka sita nilikuwa namkimbia mtu ambaye uso wake nauosha kila asubuhi kwenye beseni. Nililia, sifichi.

Bosi alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Nyie watu wa Kyela!" akaelekea ofisini. Habari ya koti ikaishia hapo.

Jioni mama mkwe alikuwa ananingoja jikoni.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Haya. Mimi namwona mwaka wa arobaini huu. Hakuna ulichokosa."

Kesho yake nilikuja nikitazama mbele, kichwa nimekiinamisha kwa aibu. Kiti kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama barabara. Kikohozi. Nikasimama. Daftari likaja kwa mbele, limeshikwa kwa mikono miwili.

"Geti," mzee akasema, na vifungo vya koti vyote vilikuwa vimefungwa, "mwambie mwanangu apite. Atachelewa."