Mtamba wa Ubatizo

Mfugaji jirani yetu pale Kasokola alikuja kubatizwa huku akiswaga mtamba aliyenona. Miaka ile ya tisini wahubiri walituchosha na vipaza sauti vyao, lakini mimi neema niliielewa asubuhi hiyo. Kwao Usukumani hakuna jambo kubwa linalopita bila ng'ombe, iwe mahari au faini, naye aliona aibu kumwendea Mungu mikono mitupu.

Mama yangu, mzee wa kanisa, alifungua Waefeso akamsomea taratibu kwamba wokovu ni zawadi. Kisha akasema, "Baba, mrudishe mtamba zizini."

Mfugaji akaduwaa, kamba mkononi. "Sasa wakiniuliza nyumbani nimelipa nini, nitasemaje?"

"Waambie umelipiwa."