Kaseti ya Kijana Aliyeitwa Dunia Nyingine

Mwezi uliopita, nyumbani kwa dada yangu hapa Kindu, binti yake alinikalisha mbele ya simu yake tutazame katuni ya Kijapani. Kijana anagongwa na lori, anaamka katika dunia nyingine ambako mfalme amemwita aje kupigana na mashetani. Ilikuwa mbaya. Kijana anafika mgeni asubuhi, jioni amekwisha kuwa shujaa. Watu wote wa kule wanasema lugha yake. Wanapigana vita na hakuna anayelala njaa, na kila msichana anayekutana naye njiani anampenda.

"Mama yake je?" niliuliza tulipofika kipande cha tano.

"Mama gani?"

"Wa huyu kijana. Hamutafuti?"

"Ee mujomba, weye nawe! Hizi filme, mama haiko. Ameitwa, ameenda. Zote ziko vile."

Nilicheka naye. Lakini cha sita nilikiacha katikati nikatoka uani, kwa sababu filamu ya namna hii niliwahi kuifasiri mbele za watu, nikaifasiri kwa uongo, na mwanamke mmoja akauamini ule uongo kuliko ndugu yake.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka ishirini hivi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi hakuna, wala njia ya kwenda kuitafuta. Mtaani kwetu Mikelenge kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Kivu aliyekuwa na televisheni, mashine ya kaseti na jenereta ndogo. Alasiri alionyesha filamu ndani ya ghala lake, ambalo lilikuwa tupu siku hizo, na mimi nilikuwa mfasiri wake. Nilisimama kando ya televisheni nikieleza kwa Kiswahili yanayosemwa. Kifaransa nilikijua, Kiingereza nilikuwa nakibahatisha.

Siku moja ndege ya mizigo ilileta kaseti tatu za katuni ya Kijapani, bila maandishi yoyote ya Kifaransa. Yule mfanyabiashara, mwenye ukumbi, akaniuliza kama nitaweza. Nikasema nitaweza. Watu nikawaambia kwamba Kijapani nilifundishwa na padri mmoja kule Kalima.

"Mufasiri!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma siku ya kwanza. "Ule anasema maneno mingi, weye unasema mbili!"

"Kijapani iko refu, Kiswahili iko fupi!"

Ukumbi mzima ukacheka, na tangu hapo hakuna aliyenihoji.

Hadithi yenyewe, kwa picha tu, haikuwa ngumu. Mwanafunzi anavuka daraja, mwanga unamfunika, anaangukia nchi ya minara na majoka. Mama yake anatoka mlangoni anamwita, mwavuli mkononi, na barabara haina mtu.

Mlangoni mwa ghala palikuwa na mama aliyeuza vitumbula vya mchele. Mwanawe wa pekee, miaka kumi na saba, wenye silaha walimchukua sokoni awabebee mizigo njia ya Punia. Miezi mitano ilikuwa imepita bila habari. Mwanga ulipomfunika yule mwanafunzi, mama yule aliacha beseni lake nje, akaingia, akakaa chini. Filamu ilipokwisha alinisubiri.

"Papa mufasiri, wale waliomuita ule kijana, watamurudisha?"

Ningeweza kusema sijui.

"Watamurudisha, mama. Wamesema wenyewe. Kazi ikiisha, watamurudisha."

"Wamesema?"

"Wamesema."

Kuanzia pale ilinibidi niendelee. Katika kaseti ya pili, kila mfalme alipofungua mdomo nilitia ahadi ile ndani yake. Nisijisifu kwamba ilikuwa huruma. Nilipenda kuulizwa. Nilipenda mtu mzima anitazame usoni akingoja nitasema nini, na nilipenda vile vitumbula viwili vya moto alivyonifungia kwenye jani kila alasiri.

Kaseti ya tatu niliiona mara ya kwanza pamoja na watu wote, kwani mafuta hayakutosha kuijaribu kabla. Karibu na mwisho mlango wa mwanga ukafunguka hewani, na ndani yake likaonekana lile daraja na ile nyumba. Mama wa vitumbula alipiga magoti. Kijana akautazama mlango. Msichana mwenye nywele nyeupe akamshika mkono. Nikaona shingo ya kijana inaanza kugeuka, nami nikaelewa kabla ya wengine. Nilitoka nje mbio nikazima jenereta.

"Esansi imeisha!"

Walinitukana kila namna. Nyuma yangu kulikuwa na dumu lenye nusu ya mafuta hayo hayo, nikalikinga kwa miguu. Mama yule hakutukana. Alikuja karibu.

"Anarudi?"

"Anarudi, mama. Kesho mutaona."

Kesho yake asubuhi, mwenye ukumbi akiwa sokoni, nilitazama peke yangu sehemu iliyobaki. Kijana aliupa mlango mgongo, ukafifia, wakaimba, ikaisha. Safari yote ile ya kaseti tatu, kumbe kwa ajili ya kusahau kwao. Niling'oa utepe kwa mikono yangu nikamwambia mwenye ukumbi kwamba mashine imeula.

Kama ningekomea hapo, labda leo ningesimulia kwa kucheka. Wiki mbili baadaye kaka wa yule mama alifika kwa baiskeli kutoka Lubutu. Alisema mji utafungwa na wenye silaha, vijijini watu wameanza kuogopa kwenda mashambani, kwa hiyo amekuja kumchukua dada yake wakati njia ingali ipo. Dada akakataa. Walikuwa wakibishana mbele ya nyumba, nami nikawa napita.

"Mutoto arudi akute mulango umefungwa?"

"Nani amekuambia atarudi?"

"Muulize huyu. Huyu amesoma. Wale wanaochukuliwa, kazi ikiisha hawarudishwi?"

Kaka yake alinigeukia. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Habari za kaseti hakuzijua; nadhani alifikiri nimetoka msituni na nimeona kitu.

"Wanarudishwa," nikasema.

Kesho yake aliondoka peke yake. Haukupita mwezi, mji ukafungwa kweli. Ukivuka nyumba za mwisho kwenda shambani ulikuwa unacheza na roho yako. Mchele ulikwisha, vitumbula vikaisha, tulikula majani ambayo hatukujua majina yake. Yule mama nilimwona akipungua siku hadi siku, nikawa nabadilisha njia ili tusionane. Treni ya kusini ilipoanza tena, nilikuwa miongoni mwa waliopanda kwanza.

Tangu hapo sijakaa mji mmoja miaka mitatu mfululizo. Nimechimba madini Kalima, nimeuza chumvi Punia. Lubutu ndiko nilikosikia kwamba yule kaka alikufa kabla vita haijaisha. Mwana wa yule mama hakurudi kamwe. Huko kote niliukumbuka huu mji mpaka usingizi ukanipotea, lakini kila nilipokuja Kindu nilizunguka mbali nisipite kwenye nyumba ile.

Siku ya pili baada ya ile katuni ya simu, nilikwenda. Nilimkuta yule mama uani anapeta mchele. Nilibisha hodi, akanitambua kwa sauti.

"Mufasiri."

"Njo miye, mama," nikaitikia kwamba ndimi.

Alinionyesha kiti. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani, lakini alinitangulia.

"Ile filme ya mutoto wa daraja. Ulisema kesho. Iliisha namna gani?"

"Hakurudi."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mulango ulifunguka, akaona kwao, akageuka. Esansi haikuisha, mama. Nilizima miye."

"Na yale maneno ya mufalme? Ya kumurudisha?"

"Sikujua Kijapani. Hata neno moja."

Kuku walikuja mpaka miguuni pake, hakuwafukuza.

"Kaka yangu alikuja na baiskeli," akasema. "Alifunga blanketi kwa nyuma, ili nikae muzuri."

"Najua, mama. Nilikuwepo. Unisamehe."

Alitoa jiwe katika mchele, akalitupa uani.

"Eleza tena," akasema. "Tangu mwanzo. Usiongeze kitu. Ile uliona tu."

Nikaanza. Kijana yuko darajani. Mwanga unamfunika. Mzee mwenye taji anafungua mdomo.

"Anasema nini?"

"Sijui, mama."

Msichana mwenye nywele nyeupe analia.

"Analilia nini?"

"Sijui."

Zamani ilinichukua alasiri tatu, watu wakiacha kupumua. Safari hii iliisha kabla hajamaliza kutoa mawe katika ule mchele.

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu, mama."

Aliwamwagia kuku makapi.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningemulilia mutoto siku ile."

Alichukua ungo wake akaingia jikoni. Nilisikia akivunja kuni. Hakuniita, hakunifukuza. Nilikaa kwenye kile kiti, kichwa chini, nikimsikia akipuliza moto.