Niligawa jibu la Zuhura kwenye group bila kumuuliza

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlio nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Uzi huu ni mrefu kidogo, mnivumilie. Ninachoandika kimetokea, na aliyekosea ndani yake ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kukipamba. Nilichobadilisha ni majina tu.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Dubai mwaka wa saba sasa. Nafanya kazi typing centre moja huku Al Nahda. Kwa wasiojua, hiyo ni ofisi ndogo ya kujaza fomu: visa, vitambulisho, mikataba, barua za kwenda kwa kafeel, yaani mdhamini wako wa kazi. Mteja anakuja na pasipoti, wewe unapiga chapa, yeye anasaini, khalas.

Siri ya kazi yetu ni kwamba hakuna barua mpya. Barua ya kuomba likizo ni ile ile tangu niajiriwe, nabadilisha jina na namba ya pasipoti. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Nalisema hili mapema ili mjue akili yangu ilikuwa imezoea nini.

Halafu Waswahili wa huku tuna group letu. Wakenya, Watanzania, Waganda wachache, admin ni mimi. Utaratibu wetu ni kwamba mtu akipata kitu kilichomsaidia, iwe CV, iwe barua, anakitupia humo na wengine wafaidike. Ukikaa nacho peke yako unaonekana una roho mbaya.

Sasa nije kwa Zuhura.

Ni dada wa Kilifi, anakaa flat ya akina dada ghorofa moja juu yangu, na anafanya usafi kwenye kliniki kule Silicon Oasis. Mtu mkimya. Akirudi kazini ni salamu, lifti, ndani. Hata kwenye group hakuwemo.

Mwaka jana chuo kimoja hapa kilitangaza nafasi chache za uuguzi kwa watu walio kazini, ada unalipiwa. Zuhura alikuwa ameomba mara mbili miaka ya nyuma akakataliwa. Umri wao wa mwisho ulikuwa unamfikia, kwa hiyo ile ilikuwa mara ya tatu na hakukuwa na ya nne.

Kwenye application kulikuwa na maswali mafupi matatu ya kumjua mtu, kila moja maneno mia na hamsini. Kwa nini unataka kozi hii. Wanaokufahamu wanasemaje juu yako. La tatu ndilo lililokuwa na shughuli: tueleze siku uliyomwangusha mtu aliyekutegemea.

Alinijia kaunta Jumamosi moja, akaniwekea simu mbele yangu.

"Kaka Hemedi, niangalizie Kiingereza. Maneno usinibadilishie, makosa tu."

Akanitumia yote matatu, nikayafungua kwenye kompyuta. Nikasoma la kwanza, la pili, ya kawaida. Nikafika la tatu.

Aliandika kwamba alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitano, amemwacha nyumbani kwa bibi yake. Siku moja akiwa zamu, simu iko kwenye locker kama sheria ya kazini inavyotaka, mama yake alipiga mara kumi na moja. Alipotoka na kupiga yeye, mtoto alikuwa ameshafariki. Homa ya siku moja. Akamalizia hivi: mpaka leo sijamuuliza mama yangu mtoto alikuwa anaomba nini mwishoni, kwa sababu naliogopa jibu.

Wakuu, mimi nimeandika barua nyingi za watu wenye shida, lakini kama ile sikuwahi kuiona. Nikasahihisha spelling mbili. Nikamwambia pole dada. Akasema ahsante, akachukua simu yake, akaenda.

Kesho yake ndipo nilipofanya upumbavu wangu.

Deadline ilikuwa imekaribia na watu wa group walikuwa wananisumbua. Kaka tusaidie, hilo swali la tatu hatulielewi. Kaunta kuna foleni, arbab, yaani bosi, yuko nyuma yangu anahesabu dakika. Nikachukua jibu la Zuhura, maana lilikuwa bado kwenye kompyuta, nikatoa jina, nikaandika juu: SAMPLE, jibuni kwa style hii. Nikatuma.

Nikapata dole gumba na dua za kutosha. Mungu akubariki admin. Kichwa kikavimba. Niwe mkweli, sikuwa na nia mbaya hata chembe. Niliona nasaidia watu, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Hili linalofuata nilikuja kuambiwa baadaye.

Jioni hiyo Zuhura alikuwa kitandani kwake anakunja uniform. Mwenzake wa chumba, aliyemo kwenye group, akaisoma ile sample kwa sauti wenzake waisikie. Akaisoma yote mpaka mwisho, mpaka pale pa kuogopa jibu. Halafu akasema, "Hii ni kali, wakiisoma hii lazima wakuchukue."

Mle ndani hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuwa na mtoto. Zuhura akaendelea kukunja nguo, na kwangu hakuja kulalamika.

Zikapita wiki mbili. Asubuhi moja akaja kaunta, amevaa nguo za kazi, ameomba ruhusa. Akanipa simu nisome email.

Chuo kilisema kimepokea majibu yanayofanana kutoka kwa waombaji watano. Maombi yote matano yamesimamishwa. Mwenye maelezo ayatume ndani ya siku tatu.

"Ni wewe, kaka," akasema. "Hakuna mwingine niliyempa."

Nikaanza kujitetea. Nilitoa jina lako, nikasema. Nilidhani hawata-copy.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Wateja wamekaa na namba zao mkononi, wanatutazama. Akasema taratibu tu, "Nafasi ikipotea nitalia, halafu nitanyamaza. Lakini mwanangu umemgawa. Nitamrudishaje?"

Nikamwomba arbab ruhusa, nikatoka.

Nikawatafuta wale wanne kupitia group. Mmoja ni Brayo, Mkenya, mlinzi kwenye maghala ya Al Quoz. Nikamuuliza kwa nini ali-copy.

"Bro, si ulisema ni sample? Na mimi nilibadilisha. Mtoto nilitoa, nikaweka shosho."

Nikamuuliza kama bibi yake amefariki kweli.

"Zii. Shosho ako fiti, ako Murang'a."

Nieleze kitu juu ya huyu Brayo. Kila siku yake ya off anakaa na walinzi wenzake kule camp, kambi wanakolala, anawafundisha kusoma Kiingereza, bure, mwaka wa tatu huu. Nikamwambia, si ungeandika hiyo? Akashangaa kabisa. "Lakini hiyo si story ya kulia." Na aliyemfundisha kwamba chuo kinataka story ya kulia ni mimi na sample yangu.

Siku ile ile nilikaa niandike barua kwa chuo. Nilifungua ukurasa mtupu na nikakaa nao karibu saa nzima, maana nilikuwa nimesahau barua inaanzaje kama hakuna ya kunakili. Nikaandika nilichofanya, tarehe, nikaambatisha screenshot za group, jina langu na namba yangu. Kwenye group nako nikaeleza kwamba lile jibu lilikuwa la mtu halisi na nililitoa bila ruhusa. Wapo walionitukana. Nikawaacha.

Chuo kikajibu kwamba wataongea na Zuhura kwa video kabla ya kuamua.

Flat yao ina kelele, kwa hiyo akaomba atumie kompyuta ya ofisini kwetu saa ya chakula cha mchana. Nikamfungulia, nikageuka kutoka.

"Kaa, kaka. Nataka usikie."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Upande wa pili alikuwepo mama mmoja wa makamo, anaongea polepole. Hakumuuliza chochote kuhusu uuguzi mwanzoni. Alimuuliza, mtoto wako aliitwa nani?

Zuhura akalitaja jina, la mtoto, la baba na la babu. Akasema alikuwa anaiba maziwa ya unga na kuyala makavu kwa kijiko, mpaka pua inakuwa nyeupe, halafu anakataa. Akacheka kidogo alipofika hapo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Kisha yule mama akasema, umeandika hujawahi kumuuliza mama yako mtoto alikuwa anaomba nini.

"Nimemuuliza, madam. Ijumaa iliyopita," Zuhura akajibu. "Watu wanaisoma habari ya mwanangu na mimi mwenyewe siijui yote. Nikaona si haki."

Akaeleza alichoambiwa. Kwa Kiingereza chake kile kile, bila kuniangalia, mpaka mwisho. Yule mama akavua miwani. Mimi niliinamisha kichwa nikalia, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Maana wakuu, ile habari niliisoma, niliisahihisha, niliituma kwa watu zaidi ya mia mbili. Sikuwahi kumuuliza mtoto aliitwa nani.

Nafasi alipata. Ameanza, na zamu za kliniki anazifanya bado. Wale wengine wanne walikataliwa. Brayo ataomba tena mwaka huu, safari hii ameandika habari za darasa lake la camp, na mimi nimekataa hata kuiona kabla haijatumwa.

Nilimwomba Zuhura msamaha. Akaniambia, "Nafasi nimepata, kaka, Mungu amenipa. Lakini wewe sijui kama nimekusamehe. Siku nikikusamehe nitakwambia." Ni miezi saba sasa. Ananisalimia kwenye lifti kwa heshima zote. Hilo hajaniambia.

Nilichojifunza ni hiki. Yale maswali mafupi si fomu ya visa. Anayekuuliza anataka kukujua wewe, na unachojibu ni chako, hata kama ni cha kawaida, hata kama hakimlizi mtu. Na mtu akikupa maisha yake umsahihishie spelling, sahihisha spelling, umrudishie.

Huu uzi nilimpa Zuhura ausome kabla. Alifuta sehemu mbili, akaniruhusu niuweke.

Mwenye la kusema karibu, hata la kunisuta, nitalisoma. Mliowahi kuandikiwa majibu na mtu mwingine nanyi semeni yaliyowakuta. Ila msiniulize jina la mtoto, wala alichokuwa anaomba. Ndizo sehemu alizofuta.