Mlima wa kwetu nimemwelezea mjukuu vibaya miaka yote. Jua lilikuwa upande gani?

Niaje wakuu.

Mimi ni shosho wa Soweto West, Kibera. Shule niliachia darasa la tatu, msinisumbue na spelling. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mjukuu wangu Nekesa anachora. Siyo vile wajukuu wenu wanachora. Huyu wangu akichora ng'ombe, unatafuta ndoo ukamue.

Kitu anapenda ni asubuhi ya Mlima Elgon. Hajawahi kufika huko. Ni mimi nilimwambia tangu akiwa mdogo: kwetu, upande wa Kimilili, jua linatoka mlimani. Basi kila picha ni mlima, na nyuma yake jua linachungulia kama kiini cha yai.

Juzi saluni moja ya pale stage ya Kawangware 56 ikamwambia alete picha kubwa ya ukutani. Ya kwanza kabisa watu wataona. Nikatangazia plot nzima.

Kabla haijaenda, akaingia Rasoa. Tulikua naye nyumbani, siku hizi anauza samaki wa omena Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera. Akaangalia picha, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe, hiyo ni jioni! Jua letu linalala mlimani. Asubuhi lilikuwa linatuchoma kisogo tukienda mtoni, mlima uko mbele yetu!"

Nikamwambia macho yake yameingia omena.

Nekesa akanigeukia. "Kukhu, ni gani sasa?"

Wakuu, nilitaka kukataa. Si nimeshajigamba kwa plot nzima? Lakini jina litaandikwa pale chini ni la mtoto, siyo langu.

Nikafunga macho. Nikajiweka kwa ile njia ya mtoni, mtungi kichwani. Miguu umande. Kwetu bado giza, lakini kichwa cha mlima tayari chekundu kama kaa la jiko.

Halafu, polepole, joto. Kwa kisogo.

Kumbe mlima ulikuwa unapata mwanga kabla yetu, na mimi mtoto nikadhani ndio unautoa!

"Rasoa ako sawa," nikasema. Ilinikwama kama mwiba wa samaki.

Nekesa hakununa. Alifuta jua lote. Akawasha kile kichwa cha mlima, na chini akaweka wasichana wawili na mitungi, wametupa mgongo. Mmoja ako na kisogo kikubwa. Rasoa anasema ni mimi.

Sasa iko saluni. Wateja wanauliza, "Na jua liko wapi?"

Nikiwa hapo nawajibu: geuka.

Nilichojifunza, kabla hujampa mtoto habari za nyumbani, uliza kwanza wale mlikua nao, hata kama watakucheka.

Na kwenu, jua lilitokea upande gani? Msijibu haraka. Fungeni macho, msikilize kisogo.