Neno la Siri Lililojulikana Mtaa Mzima

Msimamizi wa ukurasa, ahsante kwa kulificha jina langu. Hata majina yaliyomo humu nimeyabadilisha. Nina umri wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto wanne, na ninaishi Ukunda. Kazi yangu ni kuandika habari. Kwa miaka ishirini nimeandika makosa ya watu wengine. Hili ni langu.

Mwaka jana nilinunua kompyuta, ikaunganishwa na simu ya nyumbani ili nipokee barua pepe. Fundi aliniambia nichague neno la siri ambalo mtu hawezi kulikisia. Nikaandika Mwanaisha, jina la binti yangu wa kwanza. Huku kwetu mtu akishapata mtoto, jina lake mwenyewe husahaulika. Sokoni, msikitini na kwa majirani, mimi ni Baba Mwanaisha. Yaani nilichagua neno ninaloitwa kutwa nzima.

Bi Zuhura alikuwa karani katika hoteli moja huko Galu. Hoteli ilikuwa ikijiandaa kuziba njia ambayo wavuvi wa Kinondo huitumia kushukia pwani, naye alikuwa akiniandikia yanayosemwa vikaoni. Hakuwa akiandikia ofisini, alikuwa akija kwenye duka moja la kompyuta hapa Ukunda. Nilimwahidi kwamba barua zake nitazisoma mimi peke yangu.

Ijumaa moja nilirudi kutoka msikitini nikakuta barua yake mpya imeshafunguliwa. Nikadhani mashine imekosea. Jumatatu alifukuzwa kazi. Meneja alimsomea barua yake mwenyewe, neno kwa neno, kutoka kwenye karatasi iliyopigwa chapa.

Nilimwuliza mke wangu nani alikuja Ijumaa ile.

"Ni Kassim tu. Alikuja kumwandikia yule rafiki yake Mjerumani."

Kassim ni mdogo wake, mhudumu katika hoteli hiyohiyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuitumia kompyuta. Nikamwita.

"Shemeji, usinielewe vibaya," alisema. "Huu mwaka wa tano mimi ni kibarua. Waliniahidi kazi ya kudumu."

"Neno la siri ulilipata wapi?"

Akacheka. "Siri gani, Baba Mwanaisha?"

Nilitarajia kukasirika. Sikukasirika. Nilikwenda nikabadilisha neno. Sasa ni herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote, na sijaziandika popote.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. "Sasa ndugu yangu unamfungia nyumba?"

"Nimefunga kompyuta."

"Ni mamoja. Ukimtaja kwa watu, mimi nitarudi kwetu Vanga." Akaendelea kupepeta. Namjua, hasemi jambo mara mbili.

Bi Zuhura sasa anakaa kwa mama yake Msambweni. Anaamini aliyemsaliti ni Juma, karani mwenzake, ambaye alikuwa akijua kwamba ananiandikia. Nilikwenda kumjulia hali.

"Ni Juma tu, kaka," aliniambia. "Nani mwingine? Wewe nakujua."

Nikanywa chai yake, nikaaga.

Juma amekana mpaka amechoka. Mchumba wake amerudisha posa. Jamaa zake na jamaa za Bi Zuhura wamekubaliana kwamba baada ya Idi Juma aapishwe kwa msahafu. Huku watu huogopa kiapo hata wakiwa hawana kosa, lakini Juma amekubali. Bi Zuhura ameniomba niwe shahidi wake.

"Kwa sababu wewe, kaka, watu wanakuamini."

Nilimwambia nitakuja. Nimeandika tarehe kwenye daftari langu, kama ninavyoandika mikutano mingine. Usiku ninalala vizuri, na hilo ndilo linalonishangaza.

Mfungo haujaanza, kwa hivyo muda bado upo. Kompyuta yangu sasa haiwezi kufunguliwa na mtu mwingine. Wasomaji, nipeni shauri: niketi kwenye mkeka wa kiapo nimtazame Juma akiapa, au nifungue mdomo kabla hajaushika msahafu, nami nimpeleke mke wangu kwao Vanga?