Klachi ya Mama Wilkista

Mama yangu, Wilkista, haamini mtu. Akinunua mahindi hupekua gunia mpaka chini, na muuzaji akinung'unika, kwake huo ni ushahidi. Alipostaafu kazi ya ofisi hapo Bungoma alinunua Subaru kutoka kwa kijana wa mbio za magari, injini imeongezwa nguvu mpaka majirani wakasema mjane huyu amerogwa. Mimi nilisema ameamua kuishi.

Kisha klachi ikaanza kuteleza. Akikanyaga mafuta, injini inanguruma lakini gari halisongi. Fundi tunaye nyumbani: mume wangu Wangila, mwenye gereji Kitale. Lakini kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani wala hawaketi chumba kimoja, sembuse gari moja. Basi kila neno lilipitia kwangu, na mimi gari najua kupanda tu.

Wangila alisema ziko klachi mbili za kuchagua. Ya pleti moja yenye springi kali ingeimudu nguvu ile, na bei yake ni nafuu. Ya pleti mbili ni ghali, ila pleti zinagawana mzigo na springi haihitaji kuwa kali sana. Yeye alitaka hiyo ghali. Nikampigia Mama.

"Na hiyo moja iko na shida gani?" akauliza.

Nikasema haina.

"Sasa mbona ananisukumia ya bei? Muulize anakula ngapi na mwenye duka."

Sikuuliza hivyo. Niliuliza kwa adabu sababu ni nini, na Wangila akasema tu kwamba hiyo ndiyo inamfaa Mama, kisha akainamia nati zake. Sijawahi kumwona mume wangu akikwepa swali la gari. Nikaingiwa na shaka. Alipokwenda kuoga nilipekua simu yake, nikakosa kitu, na hata huko kukosa nikakutilia shaka. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mama alikubali shingo upande. Klachi ikafungwa, Wangila akapeleka gari Bungoma, akaliacha kwenye kituo cha mafuta na kuondoka kabla Mama hajafika. Haikupita saa moja simu yangu ikalia. Akikanyaga klachi gari likiwa limesimama, alisema, kuna kitu kinagongana huko chini kama sufuria.

"Bwana yako amenifungia vyuma vya skrepu, Viola. Mimi naenda polisi."

Niliogopa kweli. Mama akimshtaki mkwe wake, ndoa yangu ingesimama wapi? Wangila aliporudi Kitale nilimfuata gereji nimefura, nikamwambia maneno yote bila kuyapunguza. Alisema klachi ya pleti mbili ndivyo ilivyo: ukikanyaga, pleti zinalegea na kugongana kidogo. Angeketi kando ya Mama angemwonyesha, lakini angeketi vipi?

"Basi niambie ukweli," nikasema. "Mbona hukuchukua ile moja?"

Alifuta mikono polepole, macho barabarani, akaniita kwa jina la mwanetu.

"Mama Levi, ile moja, kwa hiyo springi kali, pedali yake ni nzito. Na mama akishuka kwa gari anashikilia mlango. Ni mguu ya kushoto, ile ya klachi. Sasa mimi nitaanzaje kutaja mguu ya mama mkwe?"

Mimi binti ya Mama wa kumzaa sikuwa nimeona chochote. Aliyeona ni yule asiyeruhusiwa kumtazama.

Nikampigia Mama, nikamweleza habari ya kelele tu. Nikamwomba alete gari kwangu kwanza, polisi hawahami. Alikuja kupitia Webuye, kwenye foleni ya malori, ambapo mtu hukanyaga klachi mpaka achoke. Gari lilipoingia langoni Wangila alijificha nyuma ya jikoni, kama desturi inavyotaka.

Mama hakushuka mara moja; alikanyaga klachi, akaiachia, akaikanyaga tena. Kisha akashuka, akasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Viola, muulize bwana yako nani alimwambia juu ya mguu yangu."

Kabla sijafungua kinywa, jibu likatoka nyuma ya ukuta.

"Mama Levi, mwambie mama mimi sijaona kitu."

Nilingoja amwite mwongo. Badala yake akaegemea gari, akainama, akaanza kulisugua goti lake pale uwanjani bila kuficha.

"Mwambie ni goti," akasema. "Mwambie inaniuma sana, na sijawahi ambia mtu."