Jina Ambalo Mama Hakulitamka

Kaka yangu alikuwa na majina mawili, na mama aliruhusiwa kutamka moja tu.

La kwanza lilikuwa la babu, baba yake baba. Lilikuwa jina la tembo kwa Kinamwanga. Sitaliandika hapa; maana yake inatosha. Babu alikufa kabla kaka hajazaliwa, lakini kaka alipozaliwa alilia mchana kutwa, hataki ziwa, hataki mgongo. Bibi akamweka mapajani, akaanza kumwita kwa majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kwetu mtoto anayelia hivyo anadai jina lake. Alipofika kwa mumewe mwenyewe, mtoto akanyamaza. Mkiniuliza mimi, nitasema alikuwa amechoka tu. Lakini jina likashika.

Hapo ndipo shida ya mama ilipoanza. Kwetu mke halitamki jina la baba mkwe wake, awe hai, awe kaburini. Hata mnyama mwenye jina hilo hamtaji. Siku tembo walipoingia shambani kwetu Chapwa, karibu na Tunduma, majirani walipiga kelele wakiwataja waziwazi. Mama yeye alipiga kelele, "Wakubwa wameingia! Wakubwa wako kwenye ulezi!" Tulimcheka mpaka tukasahau kupiga madebe, na ulezi ukaliwa.

Jina la pili lilikuwa la ubatizo. Katekista alitueleza kwamba ni la yule mtume aliyepewa funguo za mbinguni, na maana yake ni mwamba. Mtu yule alipenda maana za majina kuliko chakula. Mtakatifu huyu ni nuru, yule ni zawadi ya Mungu. Ukimwuliza maana ya Tunduma, mahali alipokuwa amesimama, alikohoa na kutazama juu, kwani kila mzee alikuwa na maana yake na hapana wawili waliokubaliana.

Mama alilipenda jina la mwamba kwa sababu moja tu: aliweza kulisema. Nyumbani alilitumia peke yake. Sisi wengine, na kaka mwenyewe, tulitumia la babu. Kaka akiwa mbali bondeni na watoto wenzake, mama aliniambia, "Mwite mwenzako," nami nikapaza sauti. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wa mama ulikuwa nao, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Baba alifariki. Kaka alipokua, akafuata vijana wengine kwenye migodi ya shaba ya Kopabeti, kwa Waingereza wa upande wa pili wa mpaka. Mama alimfungia viazi vya kuchemsha na karanga, akamsindikiza hadi barabarani. Alimwita mwamba wangu, mwamba wangu, mpaka lori likaondoka.

Baadaye nikaolewa Mbozi, kwenye kahawa, na mama akabaki na bibi. Alianza kuuza viazi kando ya barabara kuu. Wote tulijua kwamba viazi vilikuwa kisingizio. Kila lori lililotoka Kopabeti liliposimama, alikwenda kuuliza habari za mwanawe. Kama kulikuwa na mtoto wa jirani karibu, alimtuma amtajie wasafiri jina la babu. Kama hakuna, aliuliza kwa jina la mtume.

Siku moja hakukuwa na mtoto. Ilikuwa msimu wa kupalilia, wote wako mashambani. Lori likasimama ili dereva aongeze maji kwenye injini. Kijana mmoja akanunua viazi, na mama akamwuliza kama anamfahamu fulani, akataja jina la mtume, akasema ni mrefu, mwenye kovu juu ya jicho.

"Mama yangu, wenye jina hilo kule wamejaa," kijana akajibu. "Warefu na wenye makovu nao wamejaa. Hapana, huyo simfahamu."

Akala viazi. Lori likaondoka.

Kijana yule alikuwa wa Mbozi. Alikwenda kwao kwanza, akasalimia, akapumzika, akaezeka nyumba ya mama yake. Ndipo siku moja alipopita nyumbani kwa mume wangu, akiuliza kama kuna mtu wa Tunduma anayemjua kijana mwenye jina la tembo. Alitaja jina la babu yangu. Nikaangusha ungo.

Alisema kaka ameshikwa na kifua, amelazwa hospitali ya mgodini, na ujumbe wake ulikuwa mmoja: mama aje. Kule migodini hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo, kwa vile waliobatizwa hivyo walikuwa wengi mno.

"Kuna mama mmoja aliniuliza pale barabarani," akasema polepole, "lakini yeye alimtaja mtu mwingine."

Nilimbeba mwanangu mgongoni nikashika njia ya Tunduma. Migodini walikwenda wanaume, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyeondoka siku hiyohiyo nilipofika. Aliporudi alikuwa na blanketi la kaka na sanduku lake la bati. Walikuwa wamekwisha kumzika.

Mwacha mila ni mtumwa, mama alifundishwa hivyo tangu ndoa yake. Mshika mila ni nani, hawakumwambia. Nina hasira na hilo mpaka leo.

Kwetu msibani, mama mzazi ndiye anayeanza kumwita marehemu, kisha wanawake wengine wanafuata. Walikaa wakimngoja. Mama alikuwa amelipakata blanketi. Alifungua kinywa, akafunga. Akaita mwamba, na hakuna aliyefuata, kwani wengi wao hawakumjua mtu huyo.

Bibi alikuwa mzee sana, macho yamekwisha. Alitambaa mpaka alipokuwa mama, akamshika goti.

"Mkwe wangu," akasema, "mume wangu hatakasirika. Mwite mwanao."

Mama akalitamka. Likatoka kwa kusuasua, kama linavyotoka kwa mgeni aliyelisikia jana. Alikuwa amembeba mwanawe tumboni, amemnyonyesha, amemfungia viazi vya safari, na ulimi wake haukulizoea jina lake. Akalirudia, akalirudia, mpaka likanyooka. Hapakuwa na wa kuitika.